Plafonye inayong'aa hata ukiizima: yaliyonipata na taa ya Kadutu

Naandika hii nikiwa bado na hasira, munisamehe. Siku si nyingi zimepita nilinunua plafonye ya LED, taa ya kufunga kwenye dari, ile ya mviringo, kwenye duka moja la vifaa vya umeme pale Kadutu, hapa Bukavu. Mambo ya wati ngapi yako kwenye kartoni, mutajisomea. Mimi nataka kusema juu ya kijana aliyeniuzia, na juu ya kitu nilichokuja kukuta kwenye waya za nyumba yangu mwenyewe.

Niliifunga mimi mwenyewe, waya mbili kwenye domino, kale kaplastiki ka kuunganishia waya, nikakaza visi, basi. Ikawaka nyeupe pe, watoto wakapiga makofi. Usiku tukazima tukalala. Nafungua macho katikati ya usiku, naona juu kuna kitu, taa imezimwa lakini iko inang'aa, kidogo kidogo, kama makaa chini ya majivu. Nikapiga enteripta, swichi ya ukutani, mara ngapi sijui, wapi, ule mwanga uko palepale. Kitinda mimba wangu akakataa kulala chumba kile, akahamia kitandani kwangu.

Asubuhi nikarudi dukani na kartoni yangu na risiti. Kijana akaichomeka kwenye umeme wa duka, ikawaka, akaitoa, ikazimika kabisa.

"Unaona? Iko muzima. Umeme ya kwenu njo iko mubovu."

Nikamuuliza kwa upole, mubovu namna gani, mwanangu?

"Mama, hii mambo haiko ya bamama. Tuma bwana yako akuye."

Wenzake wawili nyuma ya kontwari wakacheka. Akanisukumia kartoni kwa kidole kimoja, macho yake kwenye telefone. Bwana yangu iko Kamituga anatafuta maisha, nyumba ni mimi naisimamia, kodi ni mimi, masomo ya watoto ni mimi, sasa ampule, balbu tu, ndiyo inishinde? Nilishuka nikapita katikati ya wamama wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwa, na machozi yananilenga, na mimi si mtu wa kulia njiani.

Jirani yetu, papa mmoja anayetengeneza redio, njo alinisikiliza. Akaniuliza, mama, enteripta yako iko na kale kataa kekundu ndani? Juu zile za kataa zinapitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na LED hiyo kidogo inaitosha kung'aa. Nikamwambia hapana, yangu ni ya kawaida. Akanyamaza kidogo, akaniazima ile turnevisi, bisibisi ya kupimia umeme, yenye kataa kadogo kwenye mushikio, akasema basi pima, uangalie enteripta inakata waya gani.

Kupima lazima umeme uwepo, na umeme ulikuwa umeenda. Tuko hapa Bukavu, mto Ruzizi unatoka kwenye ziwa letu chini pale, bwawa la kwanza linazalisha umeme tangu 1958, la pili tangu 1989, na mimi nakaa gizani nangoja na turnevisi mukononi. Ulirudi saa nane ya usiku. Nikamuamsha binti yangu mkubwa anishikie tochi ya telefone.

Enteripta imezimwa. Nikapanda kiti, nikaweka kidole kwenye kile kichuma cha nyuma kama nilivyoonyeshwa, nikagusa waya ya kwanza, kataa kakawaka. Nikagusa ya pili, kakawaka pia! Nikashuka, moyo unadunda. Nikaenda kukata dijonkteri, ile swichi kubwa ya umeme wa nyumba yote, nikatoa taa kwenye domino, nikaacha waya mbili mbalimbali, nikarudisha umeme, nikapima tena. Sasa moja ikawaka, nyingine kimya. Ile ya pili ilikuwa inapata umeme wake kwa kupitia ndani ya taa. Na enteripta ilikuwa bado imezimwa, musisahau.

Maana yake fundi aliyefunga nyumba hii alipitisha netre, waya ya kurudishia umeme, kwenye enteripta, na fazi, ile waya ya moto, akaituma moja kwa moja kwenye taa. Ukizima, unakata netre tu, fazi inabaki juu pale na 220 yake inakungoja. Ampule ya zamani ya waya ndani haionyeshi kitu, inahitaji umeme mwingi ili iwake, kwa hiyo inazimika unaona kila kitu salama. LED inatosheka na ule kidogo unaovuja.

Nikakaa chini kwenye sementi. Miaka yote tunaishi humu, ampule ikiungua nasema zima kwanza, halafu binti yangu anapanda kiti anabadilisha, mara nyingine ametoka kufua, mikono bado na maji. Mimi mwenyewe njo nilikuwa namwambia panda tu, nimeshazima.

Nilipanga kuandika hapa musinunue hii taa. Sasa nasema nunueni, taa ni nzuri, bila hiyo taa nisingejua kitu. Na yule kijana alisema kweli, taa ilikuwa nzima, na hiyo njo inaniuma zaidi, juu mtu anayeuza LED kila siku hawezi kukosa kujua kwa nini inang'aa ikizimwa. Neno moja tu, mama, pima enteripta. Lingemgharimu nini? Nilitaka kumsamehe, lakini nimefika kwenye mstari huu na hasira imerudi. Nunueni, ila si pale.

Kesho yake nikakata dijonkteri, nikapima kwanza kama kweli imekufa, nikafungua buati, kisanduku cha maungio ya waya, juu ya mlango, nikabadilishana zile waya mbili zinazoleta umeme, fazi ikapita kwenye enteripta, netre ikaenda kwenye taa. Waya zote mbili ni nyekundu, fundi yule hakujali hata rangi. Usiku nikazima, giza likaja giza kweli, mtoto akarudi kitandani kwake.

Turnevisi ya papa bado sijairudisha, nimemuomba wiki moja tena. Jumamosi naenda Bagira kwa mama yangu, nyumba yake ilifungwa na fundi yule yule.