DS18B20 ya mrija: chipu nzuri, kebo ya kuchunguza

Ukinunua DS18B20, kihisi cha kupimia joto, iliyofungwa ndani ya mrija wa chuma cha pua, umenunua vitu viwili. Kuna chipu, ambayo ni nzuri, na kuna kebo, ambayo uzuri wake unategemea nani kaiunga.

Tuanze na chipu. Ilitoka Dallas Semiconductor, ikaenda Maxim, leo iko chini ya Analog Devices. Hupima kuanzia nyuzi -55 hadi 125 za Selsiasi, na kati ya -10 na 85 haikosei zaidi ya nusu nyuzi. Joto linatoka likiwa tayari ni namba, hivyo urefu wa waya hauvurugi kipimo kama inavyokuwa kwa thamista, yaani rezista inayobadilika na joto. Kila kihisi kina nambari yake ya biti 64, kwa hiyo kadhaa hukaa kwenye pini moja ya kidhibiti bila kugombana. Kebo ndiyo ya kuangalia: ganda la PVC hulainika kabla chipu haijafika kikomo chake, na rangi za nyaya si za kuamini. Kwa kawaida nyekundu ni chanya, nyeusi hasi, njano data, lakini ukigeuza chanya na hasi chipu huchemka mara moja. Washa, gusa mrija. Ukiwa wa moto, zima.

Kati ya data na chanya weka rezista ya 4.7 kΩ, moja tu kwa laini nzima. Laini ikiwa ndefu, shuka hadi 2.2 kΩ, na vihisi vifuatane kwenye kebo moja badala ya kutawanyika kama matawi, maana kila tawi hurudisha mwangwi wa mawimbi.

Kuendesha kihisi kwa nyaya mbili, kikijilisha umeme kutoka kwenye data, sikushauri. Wakati wa kupima kinaweza kuhitaji hadi 1.5 mA, na rezista ile kwenye volti 5 haifiki hata 1.1 mA. Inabidi uongeze transista ya kuivuta laini juu ndani ya mikrosekunde 10 baada ya amri 44h, ya kuanza kupima (h ni alama ya namba za heksadesimali). Waya wa tatu ni rahisi kuliko hayo yote.

Kuna namba mbili za kuzitilia shaka. Nyuzi 85 kamili ndiyo thamani ya kuwashwa: ama umeme ulikatika, ama umesoma kabla milisekunde 750 za kipimo cha biti 12 hazijaisha. CRC, baiti ya mwisho ya kukagua makosa, haitakusaidia, kwa sababu data yenyewe ni sahihi. Sifuri ni mbaya zaidi. Laini ikigusana na hasi, baiti zote 9 za kumbukumbu ya kihisi husomeka sifuri, na CRC ya sifuri tupu ni sifuri, kwa hiyo inapita! Kagua pia baiti ya tano, ya mpangilio. Kwa biti 12 lazima iwe 7Fh, na kamwe haiwi sifuri.

Kwenye programu, tatizo ni intarapti, yaani kazi nyingine inayomkatiza kidhibiti. Biti husomwa ndani ya mikrosekunde 15 tangu laini ishushwe, na intarapti ikiingia hapo, biti imeharibika. Zizuie kwa biti moja moja tu, mikrosekunde kama 70, si kwa baiti nzima. Riseti ya kuanza, mikrosekunde 480 au zaidi, haina haja ya ulinzi huo.

Kisha feki, nazo ni nyingi. Soma nambari ya kihisi: ya chipu halisi huanza na 28, na baiti mbili za mwisho kabla ya CRC huwa 00 zote. Kisha soma kumbukumbu mara tu baada ya kuwasha, kabla ya kupima: 50 05 4B 46 7F FF 0C 10 1C. Baiti za tatu na nne ni vikomo vya kengele, na zinaweza kutofautiana mtu akizibadilisha. FF, 0C na 10 hazina udhuru. Feki nyingi hupima vizuri kwenye joto la chumba, zikakosea pembezoni au zikakataa kabisa umeme wa nyaya mbili.