Kliniki ya kisukari inayokagua miguu na kuuliza chanjo: uzoefu wangu

Nina kisukari aina ya pili, na kwa miaka mingi nilitibiwa kwa utaratibu ambao wagonjwa wengi wanaufahamu: unafika asubuhi hujala kitu, unachomwa kidole, namba inaandikwa kwenye daftari, unapewa vidonge vyako vya kushusha sukari, metformin na glibenclamide, kisha unarudi nyumbani. Baada ya kuhamishiwa kliniki ya hospitali moja ya serikali huku pwani, ambayo sitaitaja kwa kuwa nina ya kuisifu na ya kuilalamikia, ndipo nilipoona kwamba kushusha sukari ni jambo moja na kumkinga mgonjwa na madhara yake ni jambo jingine.

Kazi yao ilianzia miguuni. Sista aliniomba nivue viatu na soksi, akakagua katikati ya vidole, akatafuta mapigo ya damu juu ya mguu, kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni, mfano wa unywele wa mswaki. "Baba, fumba macho, kila nikikugusa useme." Uzi huo hubonyezwa kwenye unyayo mpaka upinde, na unapopinda huwa umetoa mgandamizo wa gramu 10 tu, asiyeuhisi amekwisha kupoteza hisia za kumlinda, kiasi kwamba anaweza kushinda na kokoto ndani ya kiatu asijue mpaka kidonda kimechimba. Mimi sikuuhisi chini ya kidole gumba cha kushoto. Sukari yangu asubuhi hiyo ilikuwa 6.4 mmol/L, namba ambayo daktari yeyote angeifurahia, na kwa namba hiyo peke yake habari ya kidole isingejulikana.

Suala la chanjo sikulitarajia, kwani kwetu kadi ya chanjo ni ya watoto. Daktari alieleza kuwa mwenye kisukari akipata nimonia au homa ya mafua yupo katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa, na sukari yake hupanda kwa sababu mwili unaopambana na maambukizi hutoa homoni zinazopingana na insulini. Kwa upande wa homa ya ini B, hoja yake ilinigusa zaidi: sisi tunachomwa vidole kila mara, na kifaa cha kuchomea kikitumiwa na watu wawili, virusi vinaweza kuhama hata kama sindano yake imebadilishwa, maana virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Nyumba ngapi mtaani zinaazimana vifaa hivyo!

Nilikubali kuchanjwa homa ya ini B, ambayo hutolewa kwa dozi tatu, ya pili ikifuata baada ya mwezi na ya tatu ikitimia miezi sita tangu ya kwanza. Nilikuwa na maswali mengi ya usalama, na ninamsifu sista kwa kutoyapuuza. Alinionyesha alama iliyo kwenye kichupa, yaani mraba mdogo ndani ya duara, akaeleza kuwa mraba huo huanza ukiwa mweupe na hukolea kadiri chanjo inavyokumbwa na joto. Ukishafikia rangi ya duara, kichupa hutupwa. Bomba la sindano alilifungua mbele yangu. Baadaye niliketishwa kwa dakika 15, kwa kuwa mzio mkali, ingawa ni nadra sana, mara nyingi hujitokeza mapema, na adrenalini, dawa ya kutibu mzio huo, ilikuwa karibu. Aliniambia pia nipime sukari mara nyingi zaidi iwapo ningepata homa usiku. Nilichopata ni maumivu ya bega tu.

Kabla ya Ramadhani walitupanga upya dawa, wakatuagiza kufungua saumu papo hapo sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikizidi 16.7. Baadhi yetu tulikuwa tukiogopa kujipima mchana. Sheikh wa msikitini kwetu alitutoa hofu kwamba kuchoma kidole hakubatilishi saumu.

Malalamiko yangu si madogo. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, mara nyingi hakipatikani kwa kukosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, hivyo unaelekezwa maabara ya binafsi na kulipa mwenyewe. Chanjo za mafua na nimonia tulishauriwa lakini hapo hazipo kwa watu wazima, na ushauri usio na dawa yake humwelemea asiye na kipato. Foleni ni ndefu, jambo lisilofaa kwa watu waliokwisha meza glibenclamide na hawajala, kwani sukari yao inaweza kushuka mno. Kwa hayo ninawapa alama nne kati ya tano. Ile moja wataipata siku vitendanishi vitakapokuwapo.

Anayekwenda mara ya kwanza achukue daftari lake, dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba, kitu cha kula baada ya kipimo, na avae viatu vinavyovulika kwa urahisi.