Makreti ya samaki: yapozwe haraka au polepole?
Kwa makreti ya polipropilini (aina ya plastiki) yanayoshinda juani Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mimi nachagua kupoza haraka plastiki iliyoyeyushwa kreti linapofinyangwa kiwandani. Plastiki ikipoa polepole, mafungu ya fuwele (sehemu ambazo molekuli za plastiki zimejipanga kwa utaratibu) hukua makubwa na kusukuma nje dawa ya kukinga jua pamoja na uchafu, kama ule wa plastiki iliyorejelezwa, maana molekuli hizo hazipati nafasi ndani ya fuwele. Uchafu ukirundikana mipakani mwa mafungu, nyufa huanzia hapo. Ikipoa haraka, mafungu huwa madogo na dawa hutawanyika vizuri zaidi, ingawa kreti hupungua ugumu kidogo.

Kwa dawa, kusukumwa huko si hasara tupu: oksijeni nayo hupenya nje ya fuwele tu, kwa hiyo hukutana na kinga palepale. Uchafu wa plastiki iliyorejelezwa, huo sina la kuutetea.