Maganda ya risasi za vita vya zamani Lindi na Mtwara: lipi ununue kwanza, lipi usiliguse

Kila msimu wa kuandaa mashamba, kati ya Mtama, Nyangao na Masasi, majembe huibua maganda ya risasi chini ya mikorosho. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa kwa ukali. Oktoba 1917, pale Mahiwa, askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipambana kwa siku nne na jeshi la Mwingereza, lililokuwa na Wanigeria wengi. Upande wa Mwingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Maganda hayo huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ganda moja la bunduki ya Kiingereza lina gramu 11 hivi, kwa hiyo kilo moja inameza karibu maganda 90. Maganda 90, kila moja na herufi na mwaka wake, yanayeyushwa kwa bei ya kilo moja ya shaba ya manjano. Mwalimu wa historia, mwenye nyumba ya wageni au yeyote anayetaka kumbukumbu ya Kusini, akimlipa mkulima zaidi kidogo ya mnunuzi wa chakavu, ameshaokoa kitu.

Ila nunua ganda tupu tu. Mulika ndani kwa tochi ya simu: mdomo uwe wazi na uone hadi chini. Kisha geuza kitako. Ile fataki ya katikati lazima iwe na kidimbwi, alama ya kugongwa na bunduki. Kama kichwa cha risasi bado kimekaa mbele na fataki ni laini, hiyo ni risasi nzima, na miaka mia ardhini haijaifanya salama. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba baruti imeshatolewa, wala usimwombe aitoe. Zipo risasi za mazoezi zilizotengenezwa kiwandani bila baruti, kwa kawaida zikiwa zimetobolewa ubavuni, lakini kwa mnunuzi mgeni ni rahisi kudanganyika, nami nashauri uziache.

Chaguo la kwanza, bila kusita, ni ganda la Mauser, bunduki ya Mjerumani, la milimita 7.92. Utalitambua kwa umbo: urefu ni milimita 57, na kitako hakijazidi unene wa mwili, kina mfereji tu unaozunguka. Kitako kimegawanywa sehemu nne, na humo mna alama ya kiwanda, mwezi na mwaka. Mara nyingi utakuta S na 67, na hiyo 67 ni asilimia ya shaba nyekundu katika mchanganyiko. Alama DM ni ya kiwanda cha Karlsruhe.

Thamani yake imekaa kwenye tarehe. Vita vilipoanza Agosti 1914 Mwingereza alifunga bahari, na meli mbili tu za Kijerumani zilifaulu kupenya na silaha. Ya kwanza, Rubens, iliondoka Ujerumani Februari 1915 na kufika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwezi wa Aprili. Ya pili, Marie, ilitia nanga Machi 1916 katika ghuba ya Sudi, hapa hapa kati ya Lindi na Mikindani, na wapagazi wakabeba shehena yake vichwani hadi bara. Kwa hiyo ukishika ganda la Mauser lenye mwezi wa 8 na mwaka 15, lililookotwa kwenye shamba la huku, halikuweza kuja na Rubens. Limepita Sudi. Ganda la namna hiyo, muuzaji akikuonyesha na shamba lilikotoka, usilibanie bei. La mwaka 1912 au 1913 ni zuri pia, lakini halina safari hiyo.

La pili ni ganda nene la milimita 11, la bunduki za mtindo wa 1871 ambazo askari wengi Waafrika wa Mjerumani walikuwa nazo vita vilipoanza. Lina urefu wa milimita 60 na kitako kipana chenye ukingo. Zilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimtangaza mpigaji kila alipofyatua. Mimi naliweka la pili kwa sababu alama zake hazisimulii kama zile za 7.92, ingawa wapo wakusanyaji watakaoligombea zaidi.

Karibu na Newala na kando ya Ruvuma, ulizia ganda la Mreno, milimita 6.5, urefu 58. Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, wakaishika Newala kwa muda mfupi, wakafukuzwa kabla mwaka haujaisha. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck naye akavuka, akawapiga Wareno pale Ngomano na kuchukua bunduki na risasi zao. Bila jina la kijiji lilikookotwa, hata hivyo, ganda hili linapoteza nusu ya maana yake.

La Mwingereza, .303, ndilo jingi na ndilo la kuanzia kwa mwenye fedha kidogo. Lina urefu wa milimita 56 na ukingo uliojitokeza kitakoni. Herufi za kitakoni hutaja kiwanda: K ni Kynoch ya Birmingham, RL ni Woolwich, KF ni Kirkee, India. Tafuta KF: Wahindi walipigana Lindi, na ganda hilo linawataja.

Kama ganda la risasi linakutia wasiwasi, nunua sarafu ya heller 20 (fedha ya koloni la Mjerumani) ya mwaka 1916, yenye taji, D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na herufi T ya Tabora. Fedha ziliwaishia Wajerumani, wakagonga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli, na maganda yaliyokwisha kutumika yakawa mali ghafi ya zile za manjano. Haitakuletea maswali ya risasi, na inakaa mfukoni.

Maganda makubwa ya mzinga, yaliyogeuzwa vyombo vya maua, nunua ikiwa kitako kina maandishi na fataki yake haipo au imegongwa. Kombora lenyewe, kile kichwa cha chuma, usinunue, usiinue, usilipige picha kwa karibu. Kwa macho huwezi kujua kama limekufa. Dar es Salaam waliona mabomu ya maghala ya jeshi yalivyofanya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Ukioneshwa, weka alama mbali nalo, waondoe watoto, toa taarifa polisi.

Nayaweka kando maganda ya karibuni: yale mafupi ya milimita 39 yanayonasa sumaku, ya enzi za FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na kambi yao ya Nachingwea, na yale yaliyoandikwa FNM, ya kiwanda cha Ureno. Historia yake ni kubwa na inatuhusu sana, lakini aina hizo za risasi bado zinatumika leo, na polisi watakuwa na haki ya kukuuliza umezipata wapi. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kabla ya kuweka ganda lolote ukutani pita kituoni, uliza, upate jibu kwa maandishi. Usipande nalo ndege. Na kabla ya kulitoa nje ya nchi, waulize Idara ya Mambo ya Kale. Lindi tulishaona mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ikienda Berlin.

Wala usimtume mtu kuchimba. Mahiwa wamelala watu, na ardhini kuna ambavyo havijalipuka. Nunua kilichokwisha kuokotwa.

Ukishalipa, usilisugue kwa ndimu na mchanga kama wauzaji wafanyavyo ling'ae. Kutu ile ya kijani ndiyo ushahidi kwamba limetoka shambani, na kusugua hula herufi. Lioshe kwa maji na mswaki laini, likauke kivulini, kisha kata kipande cha karatasi uandike kijiji, shamba, nani aliokota na mwaka gani, ukiviringishe ndani ya ganda.