Mafia mara mbili: Juni tulikwenda kwa likizo, Desemba tulikwenda kwa mwezi

Mwaka 2024 tulikwenda kisiwa cha Mafia mara mbili: mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka 12. Safari ya Juni ilitugharimu karibu mara mbili ya ile ya Desemba, na papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote, hatukumwona hata mmoja. Desemba tulilala nyumba za wageni za kawaida, tukala kwa mama lishe, na asubuhi ya kwanza tu baharini tuliwaona wanne. Kisiwa ni kilekile na familia ni ileile, ila mipango ilikuwa tofauti, na hiyo ndiyo nataka kuieleza kwa anayefikiria kwenda.

Juni tuliuziwa safari nzima na wakala mmoja wa Dar es Salaam: ndege, hoteli katika kijiji cha Utende, chakula, na kuogelea na papa potwe. Nilimuuliza kama Juni ni msimu wao. Akanijibu kwamba wapo mwaka mzima. Baadaye nilijifunza kwamba hakusema uongo, na hilo liliniuma zaidi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawahami Mafia. Lakini kuanzia Mei hivi husogea mbali na ufuko wa Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na kukaa kwenye maji ya kina, kwa hiyo mtu aliye juu ya mashua hawaoni. Wanasogea tena karibu kuanzia Oktoba hadi Machi, wakifuata uduvi na dagaa. Sisi tulikwenda kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekaza. Tulizunguka kwa muda wa saa tatu, mwanangu akitapika, mume wangu akimshika mabega. Wakala hakurudisha chochote, kwa sababu karatasi tuliyotia saini ilisema tutapelekwa kuwatafuta.

Tulipofika ufukoni nahodha, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, aliniuliza, "Mwanangu, mlipopanga kuja, mliangalia mwezi?"

"Ndiyo, mzee. Juni, shule zimefunga."

"Sikuulizi mwezi wa shule," akasema, akanyoosha kidole juu. "Huu."

Akakaa mchangani akanieleza taratibu, na kila nilichokipanga vizuri baadaye nilikipata kwake. Kwanza upepo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, ndiyo wakati wa potwe upande wa Kilindoni. Kusi inavuma sana Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, lakini ndio wakati vifaranga vya kasa vinapoanguliwa kisiwani Juani. Agosti na Septemba nyangumi hupita. Masika, Machi hadi Mei, mvua ya Mafia si ya kubahatisha nayo. Aprili usiende kabisa. Ukishachagua upepo ndipo uangalie mwezi, kwa sababu mwezi ndio unaokwambia maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi. Huko, hilo linaamua kama mashua itafika mnakokwenda au mtashuka mtembee matopeni na mizigo kichwani.

Desemba nilikaa na kalenda ya mwezi kabla sijagusa suala la nauli. Nusu ya mwezi ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23, mwezi mpya usiku wa kuamkia tarehe 31. Maana yake tungefika maji yakiwa mafu, yaani hayajai wala kukupwa sana, na kumaliza kwenye bamvua, yanapojaa na kukupwa kupita kawaida. Nikagawa siku saba hivi: tatu za kwanza Kilindoni kwa ajili ya potwe, ambao hawana shida na maji kujaa au kupwa, kisha nne Utende, kwa ajili ya visiwa vya Chole na Juani, na pweza.

Kugawa hivyo kuliokoa fedha pia. Eneo wanakoonekana papa potwe liko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ile iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Ukilala Utende uko ndani ya hifadhi, na kiingilio kinahesabiwa kwa siku. Kuna geti barabarani. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, lakini familia ikikaa wiki nzima inaumia. Lipa kwa siku utakazokuwa huko kweli, na risiti usiitupe. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni lami, kilomita kama 15, bodaboda na bajaji zipo. Benki iko Kilindoni, kwa hiyo chukua fedha zako taslimu kabla hujahamia Utende.

Ndege safari hii tuliiacha. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, tukavuka kwa kivuko. Bahari ilikuwa shwari, tukakaa majini kama saa nne, mwanzo tukipita katikati ya mikoko. Ila ratiba inabadilika, kwa hiyo piga simu siku moja kabla, na usipange kurudi Dar siku ileile unayotakiwa kazini. Hilo nalisema kwa mkazo.

Sasa potwe. Tulitoka ufuko wa Kilindoni saa moja asubuhi. Nahodha hakukimbilia popote. Alitazama ndege wa baharini wanapokusanyika, kisha akasogea kwenye mashua za wavuvi wa dagaa akawapigia kelele, nao wakamwonyesha kwa mikono. Alipozima mashine niliona kivuli kipana chini ya maji, nikadhani ni mwamba. Mwamba ukageuka. Ana madoa meupe mgongoni, ndiyo maana wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi, na mpangilio wa madoa haufanani kati ya mmoja na mwingine, kama alama zetu za vidole. Mdomo ulikuwa wazi, unameza maji yenye uduvi. Mwanangu aliingia na jaketi lake la kuokolea, miwani na mrija, nami nikamfuata. Tulielekezwa tusimguse, tusimzibe njia, tusitumie mwanga wa kamera. Samaki mrefu kuliko gari dogo alipita karibu nasi polepole, akatuacha. Niliporudi kwenye mashua nilikuwa nalia, na mume wangu, ambaye hajui kuogelea na alibaki juu, aliwaona vizuri tu kutoka pale.

Malalamiko yangu kwa siku ile ni moja. Ilikuja boti nyingine yenye wageni wengi, wakaruka wote kwa pamoja juu ya samaki mmoja, akazama. Unapochagua wa kukupeleka, muulize anachukua watu wangapi na atafanya nini akikuta boti nyingine imeshafika. Wetu alisubiri kwa mbali. Kwa hilo peke yake ningemlipa tena.

Utende kulikuwa na raha ya namna nyingine. Tarehe 1 Januari bamvua ilikuwa imeshika, na saa nne asubuhi ghuba ya Chole ilikuwa imekauka kiasi cha kuona miamba. Akina mama walishuka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa amenitahadharisha siku mbili kabla: "Mdogo wangu, pweza mzuri subiri bamvua. Wa leo ametoka kwenye friji." Tukasubiri. Alimpigapiga kwenye jiwe, akamchemsha, kisha akampika kwa tui zito na ndimu, kwa wali wa nazi na kachumbari. Mafia ni kisiwa cha minazi, na tui la pale halina ubahili. Nimekula pweza Dar miaka yote, lakini ulaini ule sikuwa naujua.

Chakula kilichomgusa mwanangu zaidi kilikuwa kisamvu cha nazi kilichotiwa uduvi. Aliokota kaduvi kamoja kwa ncha ya kijiko akauliza kama ndicho hiki anachokula potwe. Tukamwambia ndicho. Akala sahani mbili, mtoto ambaye nyumbani mboga za majani tunagombana naye. Asubuhi tulikuwa tunapata vitumbua na chai ya mchaichai, au mihogo ya nazi. Hoteli za ghuba ya Chole nazo zinapika vizuri, lakini Juni tulikula pale vyakula ambavyo ningevipata Masaki, Dar.

Chole tulivuka alasiri, maji yamejaa. Kuna magofu ya Wajerumani, waliokuwa na makao yao pale kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, na mafundi bado wanaunda mashua kwa mikono. Lakini subiri magharibi. Kwenye miembe wananing'inia popo wakubwa wanaokula matunda, jamii ambayo nje ya Mafia inapatikana visiwa vya Komoro. Wanapoanza kuruka, mbingu inajaa mabawa. Wakati wanaondoka tukauona mwezi mwandamo, mwembamba sana, na nahodha akatuita haraka tuvuke kabla maji hayajatutupa.

Juani tulifika Kua, mji wa mawe ulioharibiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Misikiti imebaki kuta, mizizi imekumbatia mawe. Mashua huingia vizuri maji yakijaa, yakikupwa utembee.

Kasa hatukuwaona Desemba, si wakati wake. Lakini Juni, siku ya mwisho, kijana wa Utende alitupeleka ufuko wa mashariki wa Juani, tukakata kisiwa kwa miguu. Walinzi wa viota huhesabu siku tangu mayai yatagwe, kama 55 hadi 60, na siku ikikaribia hutoa taarifa. Vilitoka vifaranga vingi mchangani, vikakimbilia maji. Wakala hakututajia jambo hilo hata mara moja, na ndilo tuliloliendea Juni bila kujua.

Jambo la mwisho la kupanga: angalia Ramadhani inaangukia lini. Watu wa Mafia wengi ni Waislamu, na mchana wa mfungo hupati pa kula nje kirahisi, ingawa futari yao ni neema. Chukua kanga au suruali ndefu ya kupitia vijijini, na dawa ya kichefuchefu kwa mtoto. Sisi tumeshapanga Septemba, kwa ajili ya nyangumi, na safari hii mama mkwe anakuja.