Sabuni Moja, Vifungashio Vinne: Kipi Kinaishia Baharini?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nimeweka sabuni za kuoshea, lakini habari za povu, harufu na kukata mafuta tunaziacha. Leo nachambua vifungashio vyake, kwa sababu sabuni ikiisha inakwenda na maji, ila ganda lake linabaki, na ganda hilo ndilo ninalotaka tulifuatilie mpaka mwisho wa safari yake.

Nina vitu vinne. Hapa kulia ni chupa ya kijani ya supamaketi, yenye pampu, na mbele imechorwa kasa anaogelea. Pembeni yake kuna pakiti ndogo za shilingi mia mbili, zile zinazoning'inia dukani kwa Mangi, unakatiwa moja moja. Cha tatu ni kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye gazeti. Cha nne ni hiki kidumu cha lita tano, ndani yake kuna sabuni ya maji ya kupima, nimenunua kwa mama mmoja mtaani kwetu anayeitengeneza mwenyewe.

Vyote vinne navipima kwa swali moja tu: kikishakuwa kitupu, kinakwenda wapi? Namaanisha hapa Dar es Salaam, kwenye mtaa ambao gari la taka likichelewa, takataka zinaingia mtaroni. Sihitaji kujua kinachotokea kwenye nchi ambayo kila nyumba ina mapipa matatu ya rangi tofauti mlangoni. Masika yakianza, cha mtaroni kinaingia Mto Msimbazi, kinapita Jangwani, kinanasa kwenye mikoko pale Daraja la Selander, na kisichonasa kinatoka baharini. Mwaka 2015 mtafiti Jenna Jambeck na wenzake walikadiria kwamba kwa mwaka 2010 peke yake, nchi 192 zenye pwani ziliingiza baharini kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya taka zilizokosa mtu wa kuzizoa, na taka ya namna hiyo sote tunaipita kila siku tukienda kazini.

Haya, tuanze na chupa, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Lebo inadai mambo mawili. La kwanza, kwamba kifungashio hiki kinaoza chenyewe. La pili, kwamba kimetengenezwa kwa plastiki iliyookolewa baharini. Tuyachukue moja moja.

Kuoza. Pale Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, watafiti Imogen Napper na Richard Thompson walichukua mifuko ya aina mbalimbali, ikiwemo iliyoandikwa kwamba inaoza, wakaifukia mingine ardhini, mingine wakaizamisha baharini, mingine wakaiacha hewani. Majibu yalitoka mwaka 2019. Baada ya miaka mitatu, mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ulikuwa bado unaweza kubebea bidhaa za dukani, uliofukiwa na uliozamishwa. Mmoja tu, wa aina ya kugeuzwa mboji, ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini huo huo ulipofukiwa ardhini ulikutwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu bila kuchanika. Kwa hiyo ukiona neno hilo kwenye lebo, muulize mwenye bidhaa: kinaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani? Zipo plastiki za mahindi au miwa ambazo zinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Bahari ya Hindi haina joto hilo, na mtaro wetu hauna. Chupa hii haijaeleza lolote kati ya hayo matatu. Kwangu mimi dai hilo nalifuta.

Plastiki iliyookolewa baharini. Dai hili lina ukweli, ila picha ya kasa inalipeleka mbali kuliko linavyostahili. Katika biashara hii, plastiki inaweza kuitwa ya kuelekea baharini, hata kama haijagusa maji, ilimradi imeokotwa ndani ya kilomita 50 kutoka ufukweni. Kwa kipimo hicho, hata chupa iliyookotwa Kibaha stendi inahesabika. Na mimi naunga mkono kabisa kuidaka plastiki kabla haijafika majini, maana ikishazama kwenye matumbawe nani ataifuata? Ninachotaka ni lebo iseme hivyo hivyo: imeokotwa nchi kavu, na aliyeiokota amelipwa kiasi fulani kwa kilo. Hilo lingenifurahisha kuliko mchoro wa kasa.

Sasa sogea karibu, nikuonyeshe kitu ambacho lebo haisemi. Hii pampu nimeifungua. Tazama: kichwa ni plastiki ya aina moja, mrija ni wa aina nyingine, halafu humu ndani, ngoja nibinye... unaona? Springi ya chuma. Na hiki hapa chini ni kigololi. Anayenunua plastiki kwa kilo hana muda wa kuitenganisha pampu hii, anaitupa. Tuje kwenye lebo yenyewe. Haijabandikwa, imeivaa chupa nzima kuanzia shingoni hadi chini, inabidi niichane na mkasi. Ni plastiki tofauti na ya chupa, na kama ni ile ya aina inayoitwa PVC, ikiyeyushwa pamoja na chupa, inaharibu mzigo wote. Mwisho ni rangi. Chupa isiyo na rangi, inayoonyesha kilichomo ndani, ina bei, ya kijani inashuka. Kampuni imechagua kijani ili ipendeze rafuni, na bei ya uchaguzi huo anailipa yule kijana anayepita alfajiri na kiroba chake akiokota makopo.

Geuza chupa yoyote uliyonayo, chini utaona pembetatu yenye namba. Hii ina namba 1, maana yake PET, kama chupa za maji. Kifuniko kina namba 5. Namba hizo hazisemi kwamba kitu kitarejelezwa, zinataja aina ya plastiki tu. Lakini zinatusaidia kwa jaribio hili.

Hii ni ndoo ya maji ya bahari, nimechota Kigamboni asubuhi. Nakata kipande cha chupa, naweka... kimezama moja kwa moja. Nadondosha kifuniko... kinaelea. Nakisukuma chini, kinarudi juu. PET ni nzito kuliko maji ya bahari, plastiki ya kifuniko ni nyepesi. Kwa hiyo chupa ikiingia baharini imefungwa, inaelea kwa hewa iliyomo ndani. Ikipasuka, mwili unashuka kulala kwenye nyasi za bahari na matumbawe, na kifuniko kinaanza safari yake peke yake, kusi likivuma kinakwenda kaskazini, kaskazi likiingia kinarudishwa. Ndiyo maana ukifanya usafi ufukweni unakuta vifuniko vingi visivyo na chupa zake. Jua linavikausha, vinakatika hadi vipande vya chini ya milimita 5, na hapo hakuna reki itakayovitoa mchangani.

Sasa pakiti. Nimeikata, nimeibana hewa yote itoke, naizamisha. Tazama vizuri. Haijakaa juu, na haijashuka chini. Imebaki inaning'inia katikati ya ndoo, inapepea. Ukiwa kasa, ukaona kitu kinapepea hivyo majini, unadhani ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini, na yavuyavu ni chakula. Koo la kasa lina miiba laini mingi inayoelekea tumboni, kazi yake ni kuzuia chakula kisitoke pale anapoyatema maji ya chumvi. Akishameza pakiti hii, kuitoa ni shida kubwa. Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation lina kituo cha kutibu kasa, na miongoni mwa wanaofikishwa pale wamo waliomeza plastiki.

Kwenye hili la pakiti naomba tukae kidogo.

Kwanza, hairejelezwi. Imeundwa kwa matabaka ya plastiki tofauti yaliyogandishwa pamoja, na nyingine zina aluminiamu katikati. Hakuna anayeinunua kwa kilo, kwa hiyo hakuna anayeinama kuiokota. Chupa ya maji ukiitupa Manzese ina nafasi nzuri ya kuokotwa kabla ya jua kuzama. Pakiti ukiitupa, imeanza safari ya Msimbazi. Katika usafi wa fukwe unaofanyika duniani kila Septemba na kuratibiwa na shirika la uhifadhi wa bahari la Ocean Conservancy, mwaka 2019 karatasi na pakiti za vyakula ndizo zilizoongoza kwa mara ya kwanza, zaidi ya vipande milioni 4.7, zikavipita vichungi vya sigara vilivyokuwa vinashika nafasi ya kwanza miaka yote.

Pili, sheria imeiacha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, sisi Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kazi hiyo tumeiona kwa macho, mifuko ya rambo iliyokuwa inanasa kwenye miti na nyaya imepungua sana. Lakini kilichokatazwa ni kibebeo. Kifungashio cha kiwandani kimeruhusiwa, na pakiti hii ni kifungashio. Na wasije wakatuambia haiwezekani: tarehe 1 Machi 2017 serikali yetu ilipiga marufuku pombe za viroba, zile zilizofungwa kwenye pakiti ndogo kama hizi, na vikaondoka madukani.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima zote kwa wanaoinunua, maana nyumbani kwetu tumeinunua miaka mingi. Mtu anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku. Shilingi mia mbili iliyopo leo haiwezi kungoja chupa ya elfu kadhaa. Ukimwambia mama huyo aache pakiti kwa ajili ya kasa bila kumpa njia nyingine ya kununua kidogo, unamwonea. Aliyeamua kwamba kidogo lazima kije kwenye plastiki isiyorejelezeka ni kiwanda, na kiwanda ndicho ninachokidai jibu.

Sabuni ya mche haina maneno mengi. Muuzaji anakata kipande unachotaka, anafunga na gazeti, umemaliza. Mche unakuja dukani ndani ya boksi la karatasi ngumu, na boksi lenyewe lina wanunuzi. Kwa kufua na kwa masufuria ni nzuri sana. Kwenye glasi inaacha ukungu maji yakiwa ya chumvi kama ya kisima chetu, na ukiiacha ndani ya maji inayeyuka bure. Ila kwa swali letu la leo, haiachi kitu cha kwenda baharini, isipokuwa kama duka limeanza kuifunga kwenye nailoni, na mengine yameanza. Ukiiona hivyo, omba gazeti.

Tumalizie na kidumu. Hiki kimeshajazwa mara nyingi. Kabla hakijawa cha sabuni kilikuwa cha mafuta ya kula, plastiki namba 2, ngumu, na siku kikipasuka kina mnunuzi. Unakwenda na kidumu, au hata kikopo, unapimiwa ya mia tano, ya elfu moja, unavyoweza. Hili ndilo jibu la yule mama wa mia mbili, na hatukuliagiza kutoka popote. Mafuta ya kula tunapima, mafuta ya taa tunapima, maziwa tunapima. Soda ya chupa ya kioo ilikuwa huondoki nayo dukani mpaka uache chupa tupu, na kreti zinarudi kiwandani. Mfumo tulikuwa nao, na bado upo, ingawa soda za plastiki zimeusukuma pembeni.

Kina kasoro, na kubwa ni ya hatari. Sabuni ya kupima inauzwa pia kwenye chupa za maji ya kunywa, haina jina wala onyo. Mtoto akiona chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya chungwa anajua ni juisi. Tafadhali, usikubali kuwekewa sabuni kwenye chupa ya maji au ya juisi. Tumia kidumu, andika SABUNI kwa maka peni isiyofutika, kiweke juu. Kasoro nyingine ni kwamba ubora haulingani, wiki hii nzito, wiki ijayo nyepesi, na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, wengi hawana. Mama ninayenunua kwake ananiambia yuko tayari kupeleka sabuni yake ikapimwe ubora, gharama na mlolongo ndivyo vinamrudisha nyuma. Fedha tunazotumia kwenye kampeni za kuokota taka, nyingine zingeenda huko.

Alama zangu basi. Pakiti, sifuri kati ya kumi. Chupa ya kijani naipa tatu, na ingefika sita kama wangeondoa pampu, wakaachana na rangi ya kijani, wakapunguza lebo na kusema ukweli kuhusu kuoza. Mche nane. Kidumu cha kupima nane pia, na kikipata jina, onyo na alama ya TBS nitakipa tisa.

Kwa wenye viwanda mnaonitazama: pipa la lita 200 lenye koki, liwekwe dukani kwa Mangi, mteja aje na chombo chake apimiwe sabuni yenu yenye alama yenu. Duka la kwanza litakalofanya hivyo hapa Dar, nitafika na kamera na kidumu changu.