Kuvuna maoni ya YouTube kwa google-api-python-client: uzoefu wangu

Kwa kukusanya maoni ya YouTube kwa Python naitumia maktaba hii, na sijaona sababu ya kuihama. Kuisakinisha ni mstari mmoja: `pip install google-api-python-client`. Kisha fungua mradi Google Cloud, washa YouTube Data API v3 (mlango ambao programu yako huombea data za YouTube), tengeneza ufunguo wa API. Kadi ya benki haihitajiki.

Anza na `build("youtube", "v3", developerKey=ufunguo)`, halafu ita `commentThreads().list` yenye `videoId`, `part="snippet"` na `maxResults=100`. Usipotaja idadi utaletewa 20. Hapohapo weka `textFormat="plainText"`, maana bila hiyo maandishi huja na alama za HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na Kiswahili ndicho kinachoumia: "ng'ombe" inakuwa `ng'ombe`, na ukihesabu maneno unakuta "ng", "39" na "ombe". Wengi huilaumu Excel bure. Excel ina kesi yake nyingine: faili la CSV lihifadhi kwa `utf-8-sig`, la sivyo emoji zinageuka vikorokoro.

Kila ombi kwa API hula pointi, na mgao wa bure ni pointi 10,000 kwa siku. Ukurasa mmoja wa maoni hula pointi 1, kwa hiyo hapo huna wasiwasi. Anayemaliza mgao ni `search().list`, wa kutafuta video, pointi 100 kila ukimwita. Mara 100 tu, siku imekwisha. Kupata video za chaneli simgusi kabisa. Chukua kitambulisho cha chaneli kinachoanza na UC, geuza herufi hizo mbili ziwe UU, na hiyo ndiyo orodha ya video ilizopakia. `playlistItems().list` huisoma video 50 kwa pointi 1.

Mgao hurudi saa sita usiku ya California, yaani saa 5 asubuhi kwa Dar au Nairobi, na saa 4 wakati wa kiangazi chao. Kudamka alfajiri kuendelea na kazi hakusaidii kitu.

Mtego mkubwa ni majibu. Ukiomba `part="snippet,replies"` utadhani umeyapata yote, kumbe kila uzi (oni moja na majibu yake) umeletewa machache tu. Linganisha na `totalReplyCount`, idadi ya majibu yote ya uzi. Ikizidi ulichonacho, ita `comments().list` kwa `parentId` ya uzi huo. Kila uzi ni ombi lake, na hapa ndipo pointi zinapokwenda, lakini kwenye video ya watani wa jadi Simba na Yanga ubishi wenyewe uko kwenye majibu. Ukiyaacha umebaki na salamu.

Kosa la 403, yaani ombi limekataliwa, lina sura zaidi ya moja. `commentsDisabled` maana yake mwenye video amefunga maoni, ruka. `quotaExceeded` maana yake simama. Ukiyameza yote kwa `except` moja, programu itaendelea kupita video zilizobaki na kuziandika kuwa hazina maoni, wala hutajua.

Muda wa `publishedAt` (oni lilipowekwa) ni UTC, saa ya kimataifa; ongeza saa 3 kupata saa ya Afrika Mashariki. Maoni ya saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi yanasomeka Ijumaa 23:00.

Kinachonikera ni sera ya YouTube: data hizi hazikai kwako zaidi ya siku 30 bila kuzifuta au kuzivuta upya. Kwa hiyo hifadhi vitambulisho vya maoni tangu siku ya kwanza, uvitumie kwenye `comments().list` kuyavuta tena.